Sloti Hufanyaje Kazi? Piga Hesabu ya Mbao Yako Kabla Hujabonyeza

Kuna ujumbe ambao hutufikia sana, hasa wikendi na zile siku mbili tatu baada ya mshahara kuingia. Husomeka hivi, au karibu hivi: "Nimetuma 1,500 kwa paybill ya michezo, nikacheza, ikaisha. Mnaweza kunirudishia?"

Jibu letu huwa ni moja, na si tamu. Ukikosea nambari ukatuma pesa mahali ambapo hukukusudia, tupigie mara moja, tutajaribu kuizuia. Lakini pesa uliyoituma mwenyewe, ikafika kwenye akaunti yako ya michezo na ukaichezea, hiyo imeenda. Hatuna kitufe cha kuirudisha.

Kwa hivyo tumeamua kuandika makala haya yasaidie kabla ya pesa kutoka, si baada. Hatukuja kukuhubiria. Wewe ni mtu mzima na pesa ni yako. Ila tunaona wateja wengi wakicheza kitu ambacho hawajawahi kuelezwa kinavyofanya kazi. Ukinunua simu unauliza betri inakaa saa ngapi. Ukinunua pikipiki unauliza inakunywa mafuta kiasi gani. Basi tuulize na hili: sloti inakunywa pesa kiasi gani kwa saa?

Ilianzia wapi?

Mashine ya sloti kama tunavyoijua ilitengenezwa mwishoni mwa karne ya 19 mjini San Francisco, Marekani, na fundi aliyeitwa Charles Fey. Aliipa jina Liberty Bell. Ilikuwa na magurudumu matatu yenye picha, na mkono wa chuma pembeni. Unatumbukiza sarafu, unavuta mkono, magurudumu yanazunguka, na yakisimama na kengele tatu kwa mstari unapata tuzo kubwa, ambayo wakati huo ilikuwa senti 50 za dola.

Siku hizi mkono wa chuma ni pambo tu, au haupo kabisa. Iwe ni mashine ya kasino, iwe ni ile ya pale kituo cha biashara ambayo watu wengi huiita ya Kichina na hulishwa sarafu za 20, iwe ni mchezo ndani ya simu yako, kazi yote hufanywa na kompyuta.

Ndani ya kompyuta hiyo kuna programu ya kutoa nambari nasibu, yaani nambari zisizofuata mpangilio unaoweza kuubahatisha. Hutoa nambari mfululizo, nyingi sana kwa kila sekunde, hata kama hakuna mtu anayecheza. Wewe ukibonyeza, programu inachukua nambari ya papo hapo, na nambari hiyo ndiyo inayoamua picha zitakazoonekana. Maana yake ni kwamba matokeo yameshaamuliwa kabla ya magurudumu kuanza kuzunguka. Yale matunda yanayopita mbio, ule mlio, ile picha ya tatu inayosimama polepole kama inakutania, hayo yote ni maonyesho ya jambo ambalo limeshaisha.

Kuna kitu kingine wengi hawakijui. Mwaka wa 1984 Inge Telnaes alipata hataza nchini Marekani ya njia ya kuifanya kompyuta iwe na nafasi nyingi kuliko picha zilizo kwenye gurudumu. Tuseme gurudumu unaloliona lina picha 22. Magurudumu matatu ya aina hiyo yanaweza kusimama kwa njia 10,648. Lakini kama ndani ya kompyuta kila gurudumu lina nafasi 64, njia zinakuwa 262,144. Picha ya tuzo kubwa inaweza kupewa nafasi moja tu kati ya hizo 64, huku picha za kawaida zikigawiwa nafasi nyingi. Kwa macho unaona kengele moja kati ya picha 22. Kwa kompyuta ni moja kati ya 64. Macho yako hayawezi kukuambia ukweli huo.

Tujenge mashine yetu ndogo

Maelezo bila hesabu ni porojo, kwa hivyo hebu tujenge mashine yetu ya mfano. Ina magurudumu matatu. Kila gurudumu lina nafasi 10: kengele 1, ndizi 2, limau 3 na tikiti 4. Dau ni mbao, yaani shilingi 20. Unalipwa tu picha tatu zikifanana.

Magurudumu matatu ya nafasi 10 yanaweza kusimama kwa njia 10 x 10 x 10, yaani 1,000. Tuseme umezungusha mara 1,000 na kila njia ikatokea mara moja. Umeweka jumla ya shilingi 20,000. Malipo yatakuwa hivi:

- Kengele tatu: mara 1. Inalipa 4,000. Jumla 4,000.
- Ndizi tatu: mara 8. Kila moja inalipa 500. Jumla 4,000.
- Limau tatu: mara 27. Kila moja inalipa 160. Jumla 4,320.
- Tikiti tatu: mara 64. Kila moja inalipa 100. Jumla 6,400.

Ukijumlisha unapata 18,720. Uliweka 20,000, umerudishiwa 18,720, na mwenye mashine amebaki na 1,280. Umeshinda mara 100 na kushindwa mara 900.

Gawanya 18,720 kwa 20,000 na utapata asilimia 93.6. Hii ndiyo asilimia ya marejesho, ambayo kwenye michezo ya simu huandikwa kwa herufi RTP. Ile asilimia 6.4 iliyobaki ndiyo faida ya mwenye mashine. Haihitaji wizi wala ujanja. Mashine yetu ni ya haki kabisa, haijachezewa na fundi yeyote, na bado kila mbao unayoweka inakugharimu wastani wa shilingi 1.28.

Tafadhali elewa hapa, maana ndipo watu wengi huteleza. RTP ya asilimia 93.6 haimaanishi kwamba ukiingia na thao moja utatoka na 936. Huo ni wastani wa mizunguko mingi sana ya watu wengi sana. Wewe peke yako, jioni moja, unaweza kutoka na 4,000 au ukatoka na sufuri. Ndiyo maana kila mtaa una mtu aliyeshinda, na ndiyo maana hadithi yake ni ya kweli. Wale 900 hawasimulii.

Pia ukishinda 100 huwa huiweki mfukoni, unaizungusha tena. Thao yako ikipita kwenye mashine yetu mara ya kwanza inabaki wastani wa 936. Mara ya pili 876. Mara ya tano 718. Mara ya kumi 516. Faida ya mwenye mashine haikatwi mara moja kama ada ya kutuma pesa. Inakatwa kila unapobonyeza.

"Nusura!" ni sehemu ya mashine

Hili lilitushangaza hata sisi tulipolipigia hesabu. Katika ile mizunguko 1,000 ya mashine yetu, ni mara ngapi picha mbili zitafanana na ya tatu ikakataa?

Mara 600.

Yaani zaidi ya nusu ya mizunguko yote utahisi kwamba ulikuwa karibu. Tukichukua kengele peke yake, kengele mbili na picha nyingine itatokea mara 27, na kengele tatu mara 1. Kwa kila tuzo kubwa moja kuna nusura 27. Na nusura hailipi hata ndururu.

Kwenye mpira, kugonga mwamba kunaonyesha mchezaji analenga vizuri na pengine mkwaju ujao utaingia. Kwenye sloti, kengele mbili hazionyeshi chochote. Hukukaribia, kwa sababu hakuna njia uliyokuwa unaitembea. Ni njia moja kati ya zile 1,000, sawa tu na limau, ndizi na tikiti.

Michezo ya simu imeongeza utamu mwingine juu ya huo. Unaweka 20, imegawanywa kwenye mistari mingi. Mstari mmoja unashinda, muziki unapigwa, nyota zinaruka, na maandishi yanasema umeshinda 8. Umeshinda 8 baada ya kuweka 20. Hiyo ni hasara ya shilingi 12 iliyovalishwa nguo za harusi. Ukicheza, usisikilize muziki. Angalia salio.

Mashine haina kumbukumbu

Tumesikia haya sana: "Hii mashine imekula tangu asubuhi, sasa iko karibu kutapika." Au: "Niliondoka tu, mtu akakaa, akabonyeza mara mbili akachukua yangu."

Kwa sloti inayoendeshwa na nambari nasibu, yote mawili si kweli. Mashine haikumbuki jana, haikumbuki hata dakika iliyopita. Kwenye mashine yetu uwezekano wa kengele tatu ni 1 kati ya 1,000 kila unapobonyeza, iwe imelipa sasa hivi au haijalipa kwa wiki mbili. Hata watu 100 wakizungusha mara 1,000 kila mmoja, karibu 37 kati yao hawataona kengele tatu hata mara moja, na wakirudi kesho wanaanza upya kama kila mtu.

Na yule aliyekaa baada yako? Alibonyeza kwa wakati wake, akapata nambari ya wakati wake. Ungebaki hapo ungebonyeza kwa sekunde nyingine, ungepata nambari nyingine. Hakuchukua chako.

Kuna onyo moja hapa. Haya yote tunayosema ni ya mashine iliyo na leseni na iliyokaguliwa. Mashine isiyo na leseni, iliyofichwa nyuma ya duka au kwenye kibanda, hakuna anayejua imepangwa kurudisha asilimia 90 au 40. Mwaka wa 2018 serikali iliteketeza hadharani mashine nyingi za aina hiyo. Ukiiona, usiipe hata sarafu.

Tatizo kubwa ni kasi

Lotari ya zamani ilikuwa na subira. Unanunua tiketi, unangoja Jumamosi. Mkeka wa mpira nao unangoja dakika 90. Sloti inangoja sekunde chache tu.

Tuseme unazungusha mara 10 kwa dakika, na hiyo si haraka sana. Kwa saa moja ni mara 600. Kwa dau la mbao, umeweka jumla ya shilingi 12,000 ndani ya saa moja. Ndiyo, hata kama uliingia na 1,000, kwa sababu unazungusha kile kile unachoshinda. Kata asilimia 6.4 ya 12,000 na unapata shilingi 768. Hiyo ndiyo bei ya wastani ya saa moja ya burudani kwenye mashine yetu.

Sasa jiulize kama mnunuzi: je, ningelipa 768 kwa saa moja ya kitu kingine? Labda ndiyo. Labda hapana. Lakini sasa unajua bei, na hesabu ya kukumbuka ni fupi: dau, mara idadi ya mizunguko, mara faida ya mwenye mashine. Ukipunguza dau au ukipunguza mwendo, bei inashuka. Ukibonyeza ile sehemu ya kujizungusha yenyewe, bei inapanda huku umekunja mikono.

Na ile ya ndege je?

Tungeandika haya bila kuitaja Aviator mngetucheka. Si sloti kwa sura, lakini ni ndugu yake. Ndege inapaa, kizidishi kinapanda, na lazima utoe pesa kabla haijaruka na kutoweka. Mtengenezaji wake, kampuni ya Spribe, anatangaza RTP ya asilimia 97.

Asilimia 97 ni bora kuliko mashine yetu ya mfano. Lakini angalia. Kwa mchezo wa namna hiyo, uwezekano wa ndege kufika mara 2 ni takriban asilimia 48.5, si 50. Kufika mara 10 ni takriban asilimia 9.7, si 10. Ukitoa mapema unashinda mara nyingi kidogo kidogo. Ukingoja unashinda mara chache kingi. Kwa vyovyote vile wastani ni ule ule: shilingi 3 zinabaki kwa kila 100. Ule ustadi wa kujua lini utoe unabadilisha tu namna pesa inavyoondoka.

Na raundi ni za haraka. Asilimia 3 ikikatwa mara nyingi inazidi asilimia 10 iliyokatwa mara moja.

Ushuru: hasara kabla ya kucheza

Tangu Julai 2025, chini ya Sheria ya Fedha ya 2025, pesa unayoweka kwenye akaunti ya michezo ya kubahatisha hukatwa ushuru wa asilimia 5, na unapoitoa hukatwa asilimia 5 nyingine.

Piga hesabu. Unaweka 1,000. Inabaki takriban 950. Tuseme umebadilisha mawazo, hukucheza hata mara moja, unaitoa yote. Inakatwa takriban 47.50. Unarudi na karibu 902.50, bado hatujaongeza ada ya muamala. Yaani karibu shilingi 100 zimeondoka na hujaona hata limau moja.

Hapa lazima tuwe wakweli nasi pia. Sisi ni kampuni ya malipo. Muamala una ada, na ukituma 200 mara tano ada inaweza kuwa tofauti na ya 1,000 mara moja. Hatutaki uone hilo kwa mshangao, kwa hivyo angalia orodha ya ada kabla ya kutuma.

Bonasi ya bure

"Pata bonasi ya 500!" Soma masharti. Mara nyingi utaambiwa lazima uizungushe, kwa mfano mara 30, kabla ya kuruhusiwa kutoa. Mara 30 ya 500 ni 15,000. Kwenye mashine yetu ya asilimia 6.4, kuzungusha 15,000 kunagharimu wastani wa shilingi 960. Umepewa 500 ili ulipe 960. Kuna wanaotoka na faida, lakini hesabu haiko upande wako.

Matapeli wa "kutabiri"

Kwa kuwa tuko hapa, tuguse hili, maana linatuuma. Kuna watu Telegram na WhatsApp wanaouza programu za kutabiri ndege itafika wapi, au "saa za mashine kulipa". Wanataka 500, wanataka 2,000, wengine wanataka nambari yako ya siri "ili waunganishe akaunti".

Matokeo ya Aviator hutengenezwa kwa kuchanganya namba ya siri ya kampuni na namba kutoka kwa wachezaji watatu wa kwanza wa raundi. Kabla wachezaji hao hawajaingia, matokeo bado hayapo. Kitu ambacho hakipo hakitabiriki. Na tukuulize swali la mtaani: mtu mwenye programu ya kutengeneza pesa kila dakika anatafuta nini kwa mia tano yako?

PIN yako ni yako. Sisi wenyewe hatutawahi kukuuliza. Anayeuliza ni mwizi, hata kama amekuita "mteja wetu mpendwa".

Ukiamua kucheza, cheza hivi

1. Panga bei kabla. Toa kwanza kodi ya nyumba, karo, chakula, stima, chama na akiba. Kinachobaki cha burudani ndicho cha kugawa kati ya mpira, soda, sinema na mchezo. Ukiona hakijabaki kitu, mwezi huu hakuna mchezo.

2. Tuma mara moja. Kama bajeti ni 300 kwa wiki, tuma 300 siku moja. Ikiisha imeisha. Kutuma 100 mara kwa mara ndiko kunakoficha hasara.

3. Weka pesa nyingine mbali na kidole chako. Pesa ya kodi ikikaa kwenye salio lile lile unalochezea, usiku mmoja itatumwa. Ihamishe kwenye akaunti ya akiba iliyofungwa, au ilipe mapema. Mwenye nyumba hakasiriki ukilipa tarehe 30.

4. Usichezee pesa ya mkopo, hata siku moja. Mkopo wa simu una riba au ada. Mashine ina asilimia yake. Ushuru uko pande zote mbili. Hakuna mchezo unaolipa wote hao halafu wewe ubaki na faida.

5. Weka saa. Kengele ya simu, dakika 20. Ikilia, simama hata kama ulikuwa "karibu". Sasa unajua karibu ni nini.

6. Ukishinda kikubwa, kitoe siku hiyo hiyo. Pesa ikiwa kwenye akaunti ya michezo ni nambari tu. Ikiwa kwa simu yako ni unga, ni viatu vya shule, ni tairi ya pikipiki.

7. Soma RTP. Michezo mingi ya simu huiandika kwenye sehemu ya maelezo au kanuni. Kati ya asilimia 92 na 97 kuna tofauti kubwa: ya kwanza inakata 8 kwa kila 100, ya pili inakata 3. Mchezo usioionyesha popote, uache.

8. Usichezee ukiwa umelewa, umekasirika au unatafuta kurudisha ya jana. Ya jana ilishalipwa.

Jaribu hili leo: statimenti yako

Wengi wetu tunakumbuka tulichoshinda na kusahau tulichotuma. Akili ndivyo ilivyo. Statimenti haina aibu wala upendeleo.

Tuchukue mfano wa kubuni wa mhudumu wa boda anayeishi bedsita ya 4,500 kwa mwezi. Anajua alishinda 2,100 mwezi uliopita, na huwaambia wenzake pale stejini. Akifungua statimenti anakuta amerudishiwa hiyo 2,100 kweli. Lakini pia anakuta ametuma mara 31: mia hapa, mia mbili pale, mia tatu usiku wa manane. Jumla 5,850. Toa 2,100 na inabaki hasara ya 3,750. Anadhani ana bahati, kumbe amelipa karibu kodi ya nyumba ya pili, nyumba ambayo halali ndani yake.

Fanya wewe sasa. Omba statimenti ya miezi mitatu. Jumlisha zote zilizotoka kwenda kwa kampuni za michezo. Jumlisha zote zilizorudi. Toa. Andika jibu kwenye karatasi. Huna haja ya kumwonyesha mtu. Kama jibu ni lile ulilotarajia na bajeti yako inaliweza, sawa. Kama limekushtua, huo mshtuko ni wa thamani kuliko kengele tatu.

Wakati wa kusimama kabisa

Kuna wakati hesabu haitoshi, na hapo si suala la kuwa mjinga au mwerevu. Michezo hii imetengenezwa ili usiache. Tafadhali chukulia kwa uzito ukiona:

- unatuma pesa iliyokuwa na kazi nyingine, kama karo, dawa au ya chama;
- unakopa au unauza kitu ili ucheze;
- unaficha simu au unafuta ujumbe ili mke, mume au mzazi asione;
- unaongeza dau ili urudishe uliyopoteza;
- huwezi kulala bila kucheza, au unaamka usiku kucheza.

Ukiona hata mawili, fanya mambo matatu leo. Kwanza, iandikie kampuni ya michezo ufungiwe akaunti, na uhifadhi ujumbe wao wa kukubali. Pili, mwambie mtu mmoja unayemwamini na umwombe awe anaona statimenti yako kwa miezi michache. Tatu, ongea na mshauri. Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya lina nambari ya bure, 1199, ya kuongea na watu waliofunzwa kusikiliza. Na mawazo ya kujidhuru yakikujia kwa sababu ya deni, usingoje kesho. Piga sasa. Deni hupangwa upya. Wewe hatuna mwingine.

Kwa wazazi: sheria inamkataza aliye chini ya miaka 18 kucheza. Mtoto akitumia simu yako na anajua PIN yako, anayecheza kwa macho ya mfumo ni wewe. Badilisha PIN.

Kwa kumalizia

Hatujasema usicheze. Tumesema ujue bei. Mashine haikuchukii na haikupendi. Haikumbuki kama jana ulipoteza, na haijui kama kesho ni siku ya karo. Inafanya hesabu ile ile kila ukibonyeza, na hesabu hiyo iliandikwa na mtu ambaye lazima alipe kodi ya jengo, mishahara, matangazo na ushuru kutoka kwa kile kinachobaki.

Ukiiona kama tiketi ya burudani, ilipie kama tiketi, ufurahie, uende nyumbani. Ukiiona kama njia ya kulipa kodi ya nyumba, tunakuomba ufungue statimenti kwanza.

Wiki hii kazi yako ni moja tu: miezi mitatu, zilizotoka, zilizorudi, toa. Ukikwama kuipata statimenti, tupigie au pita kwa wakala wetu aliye karibu nawe akuonyeshe hatua. Ni afadhali tukujibu swali hilo leo kuliko lile lingine la usiku, ambalo jibu lake unalijua tayari.